Mashudu ya alizeti kwa kondoo: kunenepa kwake na afya ya mlaji

Nasikia mashudu yananenepesha wanakondoo haraka. Ni kweli?

Ni kweli. Mashudu ni makapi yanayobaki mbegu za alizeti zikikamuliwa, na bado yana mafuta. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, na mashudu yana protini ambayo majani makavu ya kiangazi hayana. Kwa mfugaji wa Singida au Dodoma, hiki ni chakula kilicho jirani. Ila mashudu ya mashine ndogo za mtaani hubaki na mafuta mengi kuliko ya viwanda vikubwa. Yafinye mkononi: kiganja kikibaki kinang'aa, punguza kipimo.

Nikiongeza zaidi, si watakua zaidi?

Hapana, na hapa wengi hupata hasara. Kondoo hucheua, tumbo lake la kwanza limejaa vijidudu vinavyomsagia majani. Mafuta yakizidi, huyafunika majani na kuwaua baadhi ya vijidudu hao. Kondoo anaacha chakula, na zile punje kavu za kinyesi zinakuwa uji. Katika chakula chote cha siku, ukiondoa maji, mafuta yasipite 6 kwa kila 100.

Mwanakondoo wa kilo 20 hula kama gramu 800 za chakula kikavu. Gramu 200 za mashudu yenye mafuta 10 kwa 100 zinampa gramu 20, na majani yataongeza kama 15. Hapo panatosha. Anza na konzi moja, panda taratibu kwa wiki mbili.

Je, nyama yake inakuwa salama zaidi kwa moyo?

Kidogo tu, na nisingependa mtu akuuzie kwa bei ya juu kwa sababu hiyo. Vijidudu vilevile huyageuza mafuta laini ya alizeti kuwa mafuta magumu kabla hayajafika kwenye nyama. Ndiyo maana supu ya kondoo ikipoa huganda utando mweupe, hata kama alikula alizeti msimu mzima. Sehemu ndogo huponyoka, lakini alizeti haina omega-3 ya maana, yaani aina ya mafuta laini inayosifiwa kwa moyo. Hiyo hutoka zaidi kwenye majani mabichi, ambayo pia yana vitamini E inayochelewesha nyama kubadilika rangi na kuvunda mafuta.

Daktari amenikataza mafuta. Niache kondoo kabisa?

Kama hakukukataza nyama yenyewe, chagua paja, kata mafuta yote yanayoonekana, na mkia uuache. Chemsha jioni, iache supu ipoe, asubuhi engua ule utando kwa kijiko ndipo uunge. Kijiko hicho kinakuondolea mafuta magumu mengi kuliko mabadiliko yoyote ya lishe zizini. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta magumu yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula kwa siku.

Gunia langu la mashudu limeota ukungu. Nikiyaanika?

Usiwape. Jua hukausha ukungu, lakini sumukuvu, yaani sumu iliyotengenezwa na ukungu huo, hubaki, huharibu ini la mnyama, na akiwa ananyonyesha hupita kwenye maziwa. Yafukie mbali na kuku pia.