Moshi, Upepo na Hasira za Barabarani

Simama Changamwe, Mombasa, kando ya barabara kuu saa kumi na moja jioni, trela za bandarini zimepangana na injini zinanguruma. Makanga kajifunga leso puani, macho mekundu. Abiria akiulizia chenji yake, anafokewa. Twasema watu wa barabarani hawana adabu. Mimi, kwa kazi yangu ya afya ya umma, naomba tuutazame na moshi.

Huko Chicago, watafiti walifuatilia upepo unaokatiza barabara kuu za mji. Ukivuma huku, moshi wa magari huangukia mtaa wa huku. Ukigeuka, wa ng'ambo ndio wanaoumeza. Wakalinganisha kumbukumbu za polisi za pande zote mbili, siku kwa siku. Upande uliopokea moshi ulikuwa na uhalifu wa kutumia nguvu zaidi kwa karibu asilimia 2, wizi haukubadilika. Watu ni walewale, shida zao ni zilezile, kilichogeuka ni upepo. Mpwani anayejua kusi na kaskazi hahitaji kufafanuliwa hilo: anajua msimu gani masizi hutua kwenye nguo alizoanika.

London matokeo yalikuja tofauti kidogo. Hewa ilipochafuka, yaliyoongezeka zaidi ni makosa madogo, kama wizi wa mifukoni na madukani, katika mitaa ya matajiri na ya maskini vilevile. Kwa hiyo tusikimbilie kuutukana mtaa wenye moshi kwamba una watu wabaya.

Chembe ndogo mno za moshi ziitwazo PM2.5, ambazo unywele mmoja unazizidi unene mara 30 hivi, hupenya mapafu hadi kwenye damu. Watafiti wa London wanashuku kotisoli, homoni ya msongo: mwili ukibanwa, mtu huangalia cha sasa hivi, matokeo ya kesho akayasahau. Hilo halimsafishi mwizi. Lakini hewa ni jambo tunaloweza kulirekebisha.

Shirika la Afya Duniani, tangu 2021, linataka PM2.5 isizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa siku. Dereva unayesubiri abiria, zima injini. Plastiki zisichomwe uani. Na wewe mwenye nyumba kando ya barabara, pitisha kitambaa cheupe dirishani leo, kisha ukipeleke vilevile kilivyo kwenye baraza la chifu.