Pompi mbili, tangi moja: usijumlishe saa

Pompi ya kwanza inajaza tangi kwa saa 4, ya pili kwa saa 6. Zikifunguliwa pamoja, tangi litajaa kwa muda gani? Wanafunzi wengi hapa Goma hujumlisha wakapata 10, au hutafuta wastani wakapata 5. Majibu yote mawili hayawezekani: pompi ya kwanza peke yake inamaliza kwa saa 4, sasa iweje ikisaidiwa ichelewe?

Kinachojumlishwa ni kazi inayofanyika ndani ya saa moja. Tuseme tangi linabeba bido 60 za lita 20. Pompi ya kwanza inaleta bido 15 kwa saa, ya pili 10, pamoja 25. Gawanya 60 kwa 25, unapata 2.4. Tangi likiwa la bido 120, na saa za swali zikabaki zilezile, jibu halibadiliki, kwa sababu kila pompi sasa inaleta maji maradufu kwa saa. Ndiyo maana tunaliita tangi zima 1 na kuandika 1/4 + 1/6 = 5/12, kisha tunageuza: saa 12/5. Na 2.4 si saa 2 na dakika 40! Zidisha 0.4 kwa 60: ni saa 2 na dakika 24. Inauma kuona hesabu nzuri ikipoteza alama kwenye mstari huo wa mwisho. Tangi likivuja, toa kasi ya uvujaji. Hakuna jipya hapo.

Ugumu wenyewe unaanza pale mmoja anapotangulia. Fundi A hujenga ukuta wa mawe ya volkano kwa siku 6, fundi B kwa siku 12. A anaanza peke yake, B anamkuta kazini siku 2 baadaye. Kosa la kawaida ni kuwapa wote wawili siku x. Kabla ya kugusa mlinganyo, andika chini ya kila fundi siku zake mwenyewe: B ana x, A ana x + 2. Halafu:

(x + 2)/6 + x/12 = 1

Zidisha kila kipande kwa 12, pamoja na ile 1 ya kulia ambayo husahaulika sana: 2x + 4 + x = 12, basi x = 8/3. Ukuta unaisha baada ya siku 4 na theluthi mbili. Hakiki: A amejenga 7/9, B 2/9, jumla ukuta mmoja.

Swali linaweza kugeuzwa: pamoja wanatumia siku 4, na B akiwa peke yake anahitaji siku 6 zaidi ya A. Sasa x ni siku za A:

1/x + 1/(x + 6) = 1/4

Zidisha kwa 4x(x + 6), panga, utapata x² − 2x − 24 = 0, yaani x = 6 au x = −4. Usiifute −4 kimyakimya. Iandike, kisha andika kwamba siku haziwezi kuwa pungufu ya sifuri, ili msahihishaji aone umeikataa kwa sababu.