Uchambuzi wa The Doctor ya Luke Fildes: anzeni na taa

Msimu huu wa kazi za mradi, kitengo cha elimu cha makumbusho kimepokea maswali mengi kuhusu The Doctor ("Daktari"), picha ya rangi za mafuta ya daktari na mtoto mgonjwa, ambayo mchoraji Mwingereza Luke Fildes aliionyesha Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, mwaka 1891. Walinzi wa kumbi nao wanalalamika kuhusu vidole na flashi karibu na picha za kipindi hicho cha Malkia Victoria. Tunaamini wengi hufanya hivyo kwa hamu ya kujifunza, ndiyo maana tunatoa maelezo haya.

Sehemu kubwa ya chambuzi tunazoletewa husema kwamba mchoraji "alinakili alichokiona". Hakunakili. Fildes alichora vielelezo vya nyumba za wavuvi, kisha akajenga chumba kizima ndani ya studio yake, na alianza kazi alfajiri ili apate mwanga aliouhitaji. Mwanawe Philip alifariki mwaka 1877, na chimbuko la picha huhusishwa na daktari aliyemhudumia mtoto huyo. Lakini msiba wa nyumba yenye uwezo ameuhamishia kwenye chumba cha maskini. Picha iliagizwa na Henry Tate, tajiri wa sukari, kwa pauni 3,000. Basi kila kiti na kila kikombe kimewekwa pale kwa makusudi, na kazi ya mchambuzi ni kuuliza kwa nini.

Turubai, yaani kitambaa kilichochorewa picha, lina upana wa takriban sentimita 242 na kimo cha 166. Simama mita tatu au nne kutoka hapo, ufumbe macho nusu mpaka vitu vidogo vififie. Kama unatumia simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utakachobaki nacho ni eneo moja la mwanga lenye daktari na mtoto. Vingine vyote vimezama kizani. Huo ndio mpangilio, na uandike kabla hujataja huzuni ya mtu yeyote.

Sasa tafuta mwanga unatoka wapi. Upande wa kushoto kuna taa mezani, nayo inamwaga umanjano kwa mtoto aliyelazwa juu ya viti viwili visivyofanana. Kulia kuna dirisha, na dirishani weupe wa baridi wa alfajiri unaanza kuingia. Wazazi wako upande huo: mama ameficha uso juu ya meza, baba amesimama akimwekea mkono begani. Baba anamtazama daktari, daktari anamtazama mtoto, na mkono wa mtoto umening'inia kuelekea kwetu. Fuata macho hayo kwa mpangilio huo na utaona jinsi unavyoongozwa. Karibu na taa kuna chupa ya dawa na kikombe. Dawa imekwisha kutolewa, na sasa daktari anaangalia tu. Fildes mwenyewe alieleza kwamba alfajiri ndiyo saa ya hatari katika maradhi mazito, na kwamba wazazi hawa wanaanza kupata tumaini. Anayeandika "picha ya kukata tamaa" hajaliangalia dirisha, na kosa hilo tunalisoma mara nyingi mno. Hali ya picha hii ni kungoja.

Maneno yanayobandikwa juu ya picha ni jambo jingine. Mwaka 1949 chama cha madaktari cha Marekani kiliitumia kwenye mabango ya kupinga bima ya afya ya taifa. Rangi ni zilezile. Hoja ni ya walioiandika.

Kuhusu ufundi, kanuni ya rangi za mafuta ni tabaka za chini ziwe na mafuta machache, za juu ziwe na mengi zaidi. Ukigeuza, tabaka la juu hukauka kabla ya la chini, kisha hupasuka. Wachoraji wengi wa karne ya 19 walipaka vivuli kwa wembamba na sehemu za mwanga kwa rangi nene yenye nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Baadhi walitumia lami kupata kahawia ya kina. Lami haikauki sawasawa, na vivuli vyao leo vina nyufa pana. Vanishi nayo hugeuka njano kwa miaka, ikaifanya samawati ielekee kijani. Kabla ya kusifu "joto la rangi", hakikisha unachosifu si vanishi kuukuu wala mpangilio wa rangi wa simu yako.

Usiguse turubai wala fremu. Jasho na mafuta ya ngozi hubaki juu ya vanishi na kuvuta vumbi. Ukigusa kwa bahati mbaya, usifute kwa leso wala kwa mate. Baki hapo hapo, mwite mlinzi, mwonyeshe sehemu uliyogusa. Ataandika jina la picha, saa na mahali, kisha mhifadhi, mtaalamu wa kutunza picha, ataikagua. Kuripoti si kukiri kosa la jinai. Uharibifu wa makusudi ni jambo jingine: nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1971 ya uharibifu wa mali inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10.

Hakimiliki ya Fildes imekwisha. Alifariki mwaka 1927, na Uingereza huhesabu miaka 70 baada ya kifo. Tanzania na Kenya huhesabu 50. Hata hivyo faili unalopakua kwenye tovuti ya makumbusho linaweza kuwa na masharti yake. Yasome, hasa yanayozuia matumizi ya biashara, na uyahifadhi pamoja na tarehe uliyopakua kabla ya kupeleka kazi yako kwa mchapishaji.