Je, wajua kwa nini kuchora jani msituni kunatuliza kichwa hata kama hujui kuchora?

Siku hizi watu wengi wa Nairobi wakichoka na mji wanaenda Tigoni, Ngong ama Naivasha kwa zile ritriti ambapo asubuhi mnakaa kimya mmefumba macho, baadaye mnapewa penseli na karatasi mnaambiwa kila mtu atafute jani amchoree mwalimu, jioni mnatembea shambani bila kuongea. Na swali linalokuja kila mara ni, sasa kuchora kunaingiaje hapo? Si mtu angekaa tu chini ya mti apumzike?

Ukweli ni kwamba kuchora na kutafakari, yaani kule kukaa kimya mmefumba macho, ni zoezi lilelile moja, na hiyo haiwezi kueleweka kabla hatujaondoa wazo ambalo karibu kila mtu anaenda nalo huko, ati kutafakari ni kufuta mawazo yote kichwani ubaki mtupu. Mtu anakaa, anafumba macho, dakika mbili tu ashaanza kuwaza kodi ya nyumba, fees ya mtoto, ule ujumbe wa bosi hajajibu, basi anaamua "hii kitu si yangu" na hajaribu tena. Inauma kuona watu wakiachia hapo, manake hawajafeli chochote. Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa chuo kikuu cha Harvard walitumia simu kuuliza watu wazima 2,250 kwa nyakati tofauti za siku wanafanya nini na wanawaza nini, wakapata karibu asilimia 47 ya wakati akili haiko kwenye kile mtu anafanya. Yaani karibu nusu ya siku. Hiyo ndiyo akili ya kawaida ya binadamu.

Na wale waliozoea je? Mwaka 2012 Wendy Hasenkamp na wenzake huko Atlanta, Marekani, walichukua watu 14 wenye uzoefu wa kutafakari wakawalaza ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaambia wafuate pumzi, na kila ukigundua mawazo yamekutoroka bonyeza kitufe halafu urudi kwa pumzi. Wakabonyeza, tena na tena. Wazoefu wale! Picha zikaonyesha mzunguko: akili inatoroka, unagundua, unageuka, unatulia kidogo, inatoroka tena. Kwa hivyo ukikaa nusu saa na akili ikatoroka mara hamsini ukairudisha mara hamsini, umefanya mazoezi mara hamsini, hujakosea mara hamsini. Kazi yote iko kwa kurudi.

Sasa turudi kwa penseli, hapa ndipo mambo yananoga. Mwambie mtu achore jani, atachora lile la kichwani mwake, umbo la yai lenye ncha na mstari katikati, hata kama ameshika jani lenye umbo lingine mkononi. Hajaliangalia. Ndiyo maana mwalimu anasema weka macho kwa ukingo wa jani, yatembee polepole, na penseli iende pamoja na jicho. Kwa kawaida macho yetu yanaruka kama mara tatu kwa sekunde moja, hapa unayaomba yatambae. Halafu kumbukumbu ya kitu ulichokiona sasa hivi ni fupi sana, ukiinamia karatasi ule mkunjo ushaanza kupotea, inabidi uinue macho uangalie tena. Unaangalia, unachora, unaangalia. Ukianza kuwaza kodi ya nyumba mkono unaendelea wenyewe, unarudi kuchora lile jani la kichwani, na karatasi inakuonyesha hapo hapo. Kwenye kukaa kimya unaweza kupotea dakika kumi bila kujua, lakini penseli inakuambia mapema.

Na mbona jani, si kikombe? Kikombe ukiona upande mmoja ushajua wa pili. Jani lina mdudu amelimega hapa, mshipa mmoja umepinda, upande wa kulia haufanani na wa kushoto, huwezi kubahatisha mbele. Lazima uangalie.

Kuna pia mambo ya mahali penyewe. Rachel na Stephen Kaplan wa chuo kikuu cha Michigan, kwenye kitabu chao cha 1989, walieleza kwamba umakini tunaoulazimisha huwa unachoka. Fikiria askari wa geti la estate. Kumfungulia mwenye nyumba hakumchoshi, kinachomchosha ni kuwazuia wale wengine wote kutwa nzima: wachuuzi, boda, mtu wa kuulizia nyumba tupu. Ukiwa mjini umakini wako uko hivyo, unazuia honi, matangazo, simu, makanga wanaoita, ndipo usome barua pepe moja. Ukifika msituni wanaopita getini hawana shida, upepo kwa majani, kivuli kinachosogea, hata yule ndege kwarara anayepiga kelele. Vinavuta jicho taratibu tu, hakuna wa kuzuiwa, askari anapumzika akiwa bado macho. Mwaka 2008 Marc Berman na wenzake huko Ann Arbor walipima watu kabla na baada ya kutembea, waliopita kwenye bustani ya miti walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kurudia namba kinyumenyume kuliko waliopita katikati ya mji, na haikutegemea kama walifurahia matembezi, maana hata waliotembea kwa baridi kali walifaidika.

Kuhusu kipaji, Girija Kaimal na wenzake wa chuo kikuu cha Drexel, 2016, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kutengeneza sanaa, na kama asilimia 75 walishuka kotisoli, ile homoni ya stresi, na kujua ama kutojua sanaa hakukuleta tofauti. Lakini tuwe waangalifu, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na kotisoli hushuka yenyewe kadiri siku inavyosonga. Tena ritriti ina usingizi wa kutosha, simu imezimwa na bosi yuko mbali, kwa hivyo huwezi kumpa jani sifa zote. Anayekuuzia hii kama dawa ya sonona, mkatalie. Na mtu mwenye msiba mzito wakati mwingine kufumba macho kunamletea mambo makali, huyo amwambie mwalimu mapema, aanze na kuchora macho yakiwa wazi.

Usipokuwa na pesa ya ritriti, hapa Nairobi bustani ya miti ya Arboretum iko tangu 1907, na msitu wa Karura una hekta kama 1,041 zilizobaki kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka 1999 isigawanywe viwanja. Beba penseli, simu iingie kwa mfuko, chagua jani moja ukae nalo. Raba wacha nyumbani, manake ukianza kufuta utakuwa unaangalia karatasi badala ya jani.