Kung'aa si kuingia: maswali ya baraza moja Lamu kuhusu chembe za nano

Mpwa wangu anasomea sayansi ya maabara. Likizo hii alituletea picha kwenye simu: seli za binadamu zimejaa vitone vya kijani. Vitone hivyo ni chembe za nano, vipande vidogo mno vya kubebea dawa, vilivyotiwa rangi ya kung'aa ili vionekane vilipo. Simu ikazunguka barazani, karibu na Mkunguni, pamoja na vikombe vya kahawa, na kila aliyeishika akatoa hukumu yake.

“Hiyo ni mionzi, itawaunguza watu.” Ndivyo alivyosema ami mmoja, nahodha mstaafu. Sivyo, Ami. Ile taa ya kukagulia noti dukani unaijua. Noti ikiwekwa chini yake, nyuzi fulani hung'aa; taa ikizimwa, hakuna kitu. Rangi ile hunyonya mwanga wa urujuanimno, kisha hutoa mwanga wa rangi nyingine wenye nishati ndogo zaidi. Vitone vya mpwa wangu ni vivyo hivyo: bila taa ya darubini havionekani.

Ami hakukubali upesi. “Na bahari je? Usiku wa giza ukipiga kasia maji huwaka, na taa hakuna.” Swali la mtu wa bahari hilo. Wale ni viumbe vidogo wanaotengeneza mwanga wenyewe kwa kemikali za mwilini mwao, maji yakitibuliwa. Ni njia mbili tofauti, ingawa konyeza aitwaye Aequorea victoria anazo zote mbili: hutoa mwanga wa buluu, na protini yake nyingine huupokea na kuugeuza kijani. Osamu Shimomura aliitenga protini hiyo mwaka 1962, na mwaka 2008 akashiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia.

“Kwa udogo wake, chembe hizi zinapenya tu kwenye seli kama maji mchangani.” Ni ndogo kweli. Nanometa moja ni sehemu ya bilioni ya meta, na seli nyekundu ya damu ina upana wa nanometa 7,000 hivi. Lakini nyingi hazipenyi, humezwa. Utando wa seli hubonyea, huzizingira, kisha hujikata kuwa kifuko kinachosafiri ndani hadi kwenye lisosomu, mahali penye asidi ambapo seli huyeyushia taka zake. Kazi hiyo hula nguvu, ndiyo maana seli zikipozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi umezaji karibu usimame. Wala chembe ndogo zaidi si lazima iingie zaidi: katika jaribio la mwaka 2006 la chembe za dhahabu, za nanometa 50 zilimezwa kwa wingi kuliko za 14 na za 74. Tena ndani ya damu chembe haibaki uchi. Protini huivaa mara moja, na seli hukutana na joho hilo kwanza.

“Seli iking'aa, basi dawa imeingia.” Dhana hii si ya wazee wa baraza, ni ya wasomi, na ndiyo inayoniudhi. Chembe inaweza kuwa imegandia nje ya utando tu. Rangi inaweza kuchomoka kwenye chembe ikaingia peke yake, nawe ukadhani chembe ndiyo iliyoingia. Na seli zenyewe zina mng'ao wa asili, hasa zikizeeka. Nikamuuliza mpwa wangu kama alikuwa na seli zisizopewa kitu, za kulinganishia. Alikuwa nazo, alhamdulillahi. Je, alitia tripani buluu? Rangi hiyo haipiti utando wa seli hai, kwa hiyo inaweza kufifisha mng'ao wa nje na kuacha wa ndani. Hapo alinyamaza. Na hata kama zimeingia, dawa iliyokwama kwenye lisosomu inaweza kuharibikia humo bila kufika inapotakiwa.

“Zote ni sumu” na “zote ni salama” ni kosa lile lile. Uliza zimetengenezwa kwa nini. Nukta kwanta, chembe za nano zinazong'aa zenyewe, zilizoleta Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2023, mara nyingi zina kadmiamu, metali yenye sumu. Utafiti wa mwaka 2004 ulionyesha kwamba zikipata hewa au urujuanimno huachia kadmiamu na kuua seli za ini. Ganda la salfaidi ya zinki hupunguza madhara hayo. Chembe za silika, kitu kile kile cha mchanga na kioo, ni habari nyingine: matokeo ya mwaka 2014 kwa wagonjwa watano wa saratani ya ngozi yalionyesha zikitoka kwa mkojo bila sumu iliyoonekana. Ukubwa pia una neno lake. Zinazozidi nanometa 6 au zaidi kidogo figo hazizichuji kwa urahisi, na nyingi huishia kwenye ini na wengu.

Kuhusu chanjo za korona, za Pfizer na Moderna zina chembe za nano za mafuta. Hazina rangi ya kung'aa.

Ami akamaliza kahawa yake. “Mimi kliniki ya macho walinitia rangi ya machungwa, wakamulika taa ya buluu, jicho likawa kijani.” Hiyo ni fluoresini, Ami, rangi tupu isiyo chembe ya nano, hutiwa ili mkwaruzo wa jicho uonekane.

“Basi,” akamwambia mpwa wangu, “mimi nimeng'aa kabla ya seli zako.”