Kuhesabu popo mdomoni mwa pango: yanayopotosha hesabu

Mtu akitaka kujua kama popo wa mapango ya chokaa ya vilima vya Matumbi, wilayani Kilwa, wanapungua, asiingie pangoni na tochi kukadiria. Kundi lililobanana juu ya mwamba hulidanganya jicho, na mwanga wa tochi huwarusha ovyo hata majike wakawaangusha watoto. Ninachoshauri Lindi na Mtwara ni kuwahesabu wakitoka jioni jua likizama: pango lilelile, miezi ileile, kwa njia ileile, mwaka baada ya mwaka. Hesabu ya usiku mmoja haisemi kama kundi linakua au linakufa.

Kibali kwanza. Utafiti wa wanyamapori hupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na msitu wa hifadhi ukiwa chini ya TFS (wakala wa huduma za misitu), nao wajulishwe. Kisha serikali ya kijiji na wazee. Mapango mengine ni mahali pa matambiko, na mwenye kukujulisha siku isiyofaa ni mzee wa hapo, si barua ya kutoka Dodoma.

Mchana zunguka kilima kizima. Chokaa hutoboka pengi, na tundu moja lililosahaulika nyuma linaweza kutoa nusu ya kundi bila wewe kujua. Ukikuta kinyesi kibichi au harufu kali kwenye ufa, weka mtu hapo jioni. Mwaka unaofuata mtu awekwe tena palepale, hata kama mara ya kwanza walitoka wachache, maana kundi huhama tundu.

Mhesabuji akae ubavuni mwa mdomo wa pango, mita 5 hadi 10, popo wapite kati yake na anga. Akitazama kwenye mwamba au majani hataona kitu baada ya dakika chache. Tochi nyekundu iwe ya kuandikia tu, ielekezwe kwenye karatasi. Anza dakika 20 kabla ya jua kuzama, na muda wote uandikwe kwa kuhesabu kutoka machweo, si kwa saa ya mkononi: machweo ya Juni na ya Januari huku kwetu yanapishana kwa zaidi ya nusu saa.

Shika vihesabio viwili, kimoja cha wanaotoka, kingine cha wanaorudi, na kila dakika msaidizi aandike. Hesabu kamili ni ya waliotoka ukitoa waliorudi. Hapa ndipo wengi hukosea: popo huzunguka mdomoni mara kadhaa kabla ya kuondoka, na mhesabuji akimhesabu kila anayepita mbele yake, kundi dogo huwa kubwa ghafla. Chagueni mstari wa kufikirika, tuseme kati ya miti miwili, ahesabiwe anayeuvuka tu. Tundu kubwa liwe na watu wawili wasiosemezana, na hesabu zote mbili ziandikwe. Kuandika wastani peke yake ni kuficha ukubwa wa kosa.

Mkondo ukiwa mzito, vidole havitoshi. Tumia kamera ya video yenye taa ya infraredi (mwanga usioonekana kwa jicho), kisha hesabu polepole kwenye kompyuta. Taa isifungwe juu ya kamera; iwekwe pembeni, la sivyo wadudu walio karibu na lenzi watang'aa na kuhesabiwa kama popo. Kamera ina faida nyingine kubwa: popo wa Misri, Rousettus aegyptiacus, mla matunda anayeishi mapangoni na kujiongoza gizani kwa kugonga ulimi, hutoka giza likishaingia. Anayefunga daftari kwa sababu haoni tena anamwacha huyo nje ya hesabu.

Kinasa sauti cha popo husaidia kujua ni popo gani, si wangapi. Popo mmoja akizunguka hurekodiwa mara kumi. Angalia pia mpangilio wake. Chombo hunasa mawimbi ya sauti hadi nusu ya idadi ya sampuli zake, yaani vipimo vya sauti kinavyochukua, kwa sekunde. Ukikiweka kwenye sampuli 256,000 kitaishia kilohezi 128 (mitetemo 128,000 kwa sekunde), na popo mdogo Hipposideros caffer, anayelia karibu na kilohezi 140, hatanaswa kabisa. Weka 384,000. Hata hivyo sauti ya juu namna hiyo hufifia ndani ya mita chache, wakati popo wa mapaa ya nyumba, wenye sauti ya chini zaidi, husikika kutoka mbali. Usilinganishe wingi wao kwa idadi ya rekodi.

Kuhusu msimu, popo wengi walao wadudu huzaa karibu na mwanzo wa mvua, ambao Kusini ni Novemba au Desemba. Hesabu kabla ya hapo, na tena watoto wakishaanza kuruka, bila kuchanganya hesabu hizo mbili. Rudia jioni tatu. Ikinyesha wakati wa kutoka, jioni hiyo irudiwe.

Usalama nausisitiza. Popo wa Misri ndiye anayebeba kiasili virusi vya Marburg, vya homa kali ya kutokwa damu, vilivyozuka Kagera mwaka 2023 na 2025. Hesabu ya nje haihitaji kumgusa popo wala kuvuta vumbi la kinyesi, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kuipendelea. Anayelazimika kuwashika awe amechanjwa kichaa cha mbwa, avae glavu, na pangoni avae barakoa ya N95 au bora zaidi.

Wanakijiji wakiuliza kwa nini wasichome moto pangoni hatari iishe, waelezwe yaliyotokea mgodi wa Kitaka, Uganda. Baada ya wachimbaji kuugua Marburg mwaka 2007, popo wa mgodini waliangamizwa. Mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena karibu na hapo, Ibanda, na miongoni mwa popo waliorudi mgodini, wenye virusi walikuwa asilimia 13.3, wakati kabla ya hapo walikuwa asilimia 5.1. Kinachopunguza hatari ni watu kutoingia pangoni, kutokula popo, na kutupa embe lililong'atwa. Nakala ya hesabu ya kila mwaka ibaki ofisi ya kijiji, pamoja na mchoro wa matundu yote.