Msanii mkuu apande saa kumi na moja

Mvua za vuli zikianza kukatika, simu yangu haipoi. Kuanzia katikati ya Desemba hadi mwisho wa Februari Nairobi ina jua la uhakika, nyasi zimekauka vya kutosha mtu kutandika leso akakaa, na kila mwenye pesa za kukodi jukwaa anataka tamasha bustanini. Kuna wanaojaribu Julai kwa kuwa ng'ambo ndio msimu wenyewe, halafu wanashangaa watu wamekuja na majaketi na kuondoka mapema.

Mimi ni fundi wa sauti. Nafunga spika, navuta nyaya, nakaa kwenye mikseri mpaka wimbo wa mwisho, kisha nakunja nyaya zile zile. Na kwa miaka mingi nimebishana na waandaaji juu ya jambo moja mpaka wengine wameacha kunipigia: saa ya msanii mkuu kupanda jukwaani. Wao wanataka saa mbili na nusu usiku, taa zinawaka, moshi unapulizwa, watu wameshachangamka. Mimi nataka saa kumi na moja jioni. Wanadhani nina haraka ya kwenda nyumbani.

Kuna usiku mmoja ulionitia adabu. Tamasha la bustanini, watu kama elfu tatu, na nyuma ya ua, mita mia tatu hivi kutoka jukwaani, safu ya nyumba za ghorofa. Saa kumi na moja jioni, bendi ya pili ikipiga, nilitembea mpaka kwenye ua nikiwa na kipima sauti mkononi. Kilisoma desibeli 58. Nikarudi kwenye mikseri nimeridhika, nikabandika kipande cha plasta nyeupe kando ya kitufe kikuu ili mtu asikiguse. Saa tatu usiku msanii mkuu yuko katikati ya wimbo wake, nikaona askari wa getini anakuja na bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni. "Fundi, umeongeza," akaniambia. Nikamwonyesha plasta. Kitufe kiko pale pale. Tukaenda wote uani, nikawasha kipimo: 67.

Nilipunguza, watu wakapiga kelele "Ongeza saundi!", msanii akanikodolea macho, na mwandaaji akanikata pesa. Plasta yangu haikumsaidia mtu. Lakini kitufe hakikuwa kimesogea. Kilichobadilika ni hewa.

Sauti husafiri upesi zaidi kwenye hewa yenye joto. Kwa nyuzi 20 ni takriban mita 343 kwa sekunde, na kila nyuzi moja ya joto inaongeza kama sentimita 60. Inaonekana kidogo, lakini fikiria mkokoteni unaovutwa barabarani, gurudumu moja kwenye lami na lingine kwenye tope. Hauendi mbele; unapinda kuelekea kwenye tope, kwa sababu gurudumu la huko linachelewa. Wimbi la sauti hupinda vivyo hivyo kuelekea kule linakochelewa, yaani kwenye baridi.

Mchana wa Januari ardhi ya bustani imeota jua tangu asubuhi. Hewa iliyo karibu na nyasi ina joto, ya juu imepoa. Sauti inapinda kwenda juu, inapita juu ya mapaa, na mama aliye ghorofa ya kwanza anafua nguo bila kujua kuna tamasha. Jua likizama na mbingu ikiwa wazi, nyasi hupoteza joto lake haraka sana. Sasa hewa ya chini ndiyo baridi na ya juu bado ina joto la mchana. Mkokoteni unageuka. Sauti iliyokuwa inakwenda mawinguni inarudishwa chini, inateleza juu ya mapaa na kutua madirishani mwa watu, mita mia tano, kilomita nzima, wakati mwingine zaidi. Desibeli tisa nilizoziona uani hazikutoka kwangu. Na kumbuka kwamba desibeli kumi zaidi, kwa sikio la binadamu, ni kama sauti imekuwa mara mbili.

Jambo hili liko duniani kote, ila sisi linatukuta mapema kuliko wenzetu. London katikati ya Julai jua huzama saa tatu usiku na dakika kadhaa. Chicago, mahali tamasha la Lollapalooza linapofanyika katika Grant Park tangu 2005, mwanzoni mwa Agosti jua huzama kama saa mbili usiku. Fundi wa huko anapiga sehemu kubwa ya siku yake juu ya ardhi yenye joto, na hata hivyo hasalimiki. Tarehe 14 Julai 2012, katika Hyde Park ya London, Bruce Springsteen na Paul McCartney walikuwa jukwaani pamoja waandaaji walipozima sauti kwa sababu muda wa kibali, saa nne na nusu usiku, ulikuwa umepita. Watu waliwacheka sana. Mimi nilimhurumia fundi aliyeambiwa azime.

Sasa njoo Nairobi. Tuko chini kidogo tu ya ikweta, na mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro dakika nane hivi. Hakuna jioni ndefu. Hewa inageuka wakati watu wa London bado wanapaka mafuta ya jua. Tukiiga ratiba yao saa kwa saa, tunamwekea msanii wetu ghali kuliko wote wakati mbaya kuliko wote.

Sheria nayo inafuata hapo hapo nyuma. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zile watu huziita za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, huanza kuhesabu usiku dakika moja baada ya saa mbili. Kwa eneo la makazi, nje ya nyumba, kiwango ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Thelathini na tano! Nikiweka kipimo changu kwenye veranda yangu saa nne usiku, hakuna redio, hakuna mtoto analia, kinasoma 41. Hizo ni nyenje na bodaboda za mbali. Kwa hiyo tamasha haliwezi kukaa ndani ya namba hiyo bila kibali maalumu, na kibali kina masharti yake, na jirani ana simu yake. Saa mbili usiku ni saa ambayo hewa na sheria zinakugeuka kwa pamoja, na ndipo msanii mkuu anapokaribishwa kwa fataki.

Wengine huniambia, si tutageuza tu jukwaa? Mara nyingine inawezekana. Chukua Uhuru Park, iliyofunguliwa 1969, ambayo kila mtu wa Nairobi anaifahamu. Uwanja wake unateremka kutoka upande wa magharibi kwenda Uhuru Highway, kwa hiyo watu kwa asili hukaa kwenye mteremko wakitazama chini, kuelekea mjini. Ni ukumbi mzuri ambao hakuna aliyelipa kuuchonga. Lakini jukwaa likiwa chini, spika zinaelekea juu, na juu kuna Upper Hill, hospitali, na zaidi ya hapo watu wa Kilimani wanaotaka kulala. Ukiliweka jukwaa juu, spika zinaelekea barabarani na katikati ya mji, ambako Jumapili jioni hakuna wa kumwudhi, ila wasikilizaji sasa wamegeuza mgongo mteremko na wa nyuma haoni kitu zaidi ya kofia. Mimi ningeliweka chini, nikubali gharama ya spika nyingi ndogo. Na hapo pia kuna la jua: saa kumi na moja linakuwa nyuma ya watazamaji, linampiga msanii usoni. Wasanii hulalamika. Miwani ya jua ipo.

Miti haitakusaidia. Hili nalisikia kila mwaka: "Lakini fundi, kuna miti pale, itazuia." Safu ya mikaratusi au jakaranda inazuia macho, basi. Ili miti ipunguze sauti kwa kiasi cha maana unahitaji msitu mnene wa makumi ya mita, na hata huo unakula sauti kali za juu, besi inapita kana kwamba hakuna kitu. Wimbi la besi ya hezi 60 lina urefu wa karibu mita sita, mrefu kuliko nissan ya abiria 14. Shina la mti kwake ni nini?

Besi ndiyo inayoleta askari. Jirani hasikii mashairi, anasikia dirisha linatetemeka. Wufa la kawaida, yaani spika kubwa ya besi, hutoa besi pande zote, mbele na nyuma karibu sawa, ndiyo maana wanaouza chai nyuma ya jukwaa hurudi nyumbani na kichwa kizito. Dawa ipo: katika kila wufa tatu, moja igeuzwe itazame nyuma, mawimbi yake yapinduliwe na kucheleweshwa kidogo, ili nyuma ya jukwaa mawimbi yauane na mbele yaongezane. Ukifanya vizuri, unatembea kutoka mbele kwenda nyuma na kusikia besi inakatika kama umefunga mlango. Inagharimu wufa kadhaa zaidi na saa moja ya kupima. Mwandaaji akiona kwenye hesabu "wufa zinazotazama nyuma" huwa anazikata kwanza.

Na sasa kelele ya "Ongeza saundi!" Karibu kila mara inatoka kwa watu wa nyuma, na wana haki. Spika ya kawaida, ukizidisha umbali mara mbili, unapoteza desibeli sita. Ukiongeza ili wa mita 80 asikie, wa mita tano ataziba masikio, na yule wa ghorofani atapiga simu. Unachotakiwa kufanya ni kuwapelekea wa nyuma spika zao: minara miwili midogo, mita 50 kutoka jukwaani, inayosema kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo kazi ninayoipenda inapoanza. Umeme unafika kwenye mnara papo hapo, lakini sauti ya jukwaani inachukua kama milisekunde 146 kuvuka mita 50. Usipochelewesha mnara, mtu wa nyuma anasikia kila neno mara mbili, kama tangazo la stesheni. Kwa hiyo asubuhi, bustani ikiwa tupu, kijana ninayefanya naye kazi anasimama jukwaani na vipande viwili vya mbao mbele ya maikrofoni. Anagonga. Mimi nimesimama chini ya mnara na tabuleti. Ka-ka. Naongeza milisekunde kumi. Ka-ka. Naongeza. Yale makofi mawili yanasogeleana, yanagusana, halafu ghafla ni kofi moja, na linatoka jukwaani, japo spika inayonifikishia iko juu ya kichwa changu. Sikio hulifuata lile lililotangulia kufika. Ndiyo maana naongeza tena milisekunde 12 au 15 juu ya hesabu, mnara usije ukamtangulia mwimbaji. Baridi ya usiku itaisogeza hesabu hiyo kwa milisekunde tatu hivi, na ile nyongeza inaibeba. Mtu wa nyuma kabisa hajui mnara unafanya kazi mpaka ukizimwa.

Nyongeza moja ndogo: alasiri ya Januari hewa huwa kavu, na hewa kavu hula sauti kali za juu. Matoazi yanafifia kabla ya kufika nyuma. Jioni unyevu ukipanda yanarudi, na fundi aliyeyaongeza saa nane mchana akasahau huwachoma watu masikio saa moja. Ukiona fundi anagusagusa vitufe jioni hata wimbo ukiwa mzuri, mwache, anafukuzana na hewa.

Sisemi kwamba mchana hauuzi. Blankets and Wine, tamasha lililoanzishwa na mwanamuziki Muthoni Drummer Queen mwaka 2008, ilijengwa juu ya wazo hilo hilo, Jumapili mchana, blanketi kwenye nyasi, kikapu cha chakula, muziki wa kwetu. Watu walikuja. Wengi walikuwa na kazi Jumatatu na walifurahi kufika nyumbani wakati mzuri.

Januari iliyopita mwandaaji mmoja, mara yake ya kwanza, alinisikiliza. Aliweka dijei saa nane, bendi changa mbili, kisha msanii mkuu saa kumi na moja na nusu, na akafunga kwa saksafoni na gitaa tupu mpaka saa moja. Msanii mkuu alinung'unika juu ya jua kwa nyimbo mbili, akavaa miwani, akasahau. Nilienda uani mara tatu. Mara ya tatu alikuwapo mzee mmoja kwenye balkoni ya ghorofa ya pili, anakunywa chai, akaniuliza: "Kijana, mnaanza saa ngapi?" Nikamwambia, mzee, tunamaliza.

Saa mbili kasoro dakika kumi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya jukwaa nakunja nyaya, umande umeanza kulowesha nyasi, baridi inapanda kutoka ardhini. Nikasikia besi. Ilikuwa inatoka kwa tamasha jingine, ng'ambo ya barabara kuu, si chini ya kilomita mbili. Ilifika safi kiasi kwamba kijana wangu aliitambua nyimbo, akaanza kuiimba huku anahesabu nyaya.